Barua ya Karani: Disiki Mbili si Nakala Mbili



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, wazee wawili wa jumuiya walinisimamisha chini ya mkaratusi. Mmoja akasema: "Karani, tumesikia ya kuwa halmashauri yataka kila kaya itoe mahindi ili parokia inunue sanduku la kompyuta. Sanduku hilo lina nini ndani hata limeze mahindi yetu?"

Swali zuri hilo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nimeona jibu lisiishie chini ya mti, maana najua parokia nyingine, shule, na vyama vya kuweka na kukopa navyo vyaambiwa vinunue chombo hicho hicho. Basi kaa vizuri, ndugu msomaji, nikueleze chombo chenyewe ni nini, jinsi ya kukichagua, na jinsi ya kuishi nacho. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililoyaleta mashauri haya yote.

KOSA LA KARANI

Wengi wenu mwakumbuka ya kuwa mwaka 2022 tulipiga picha vitabu vyote vya parokia: vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Vijana watatu na mwalimu mmoja walifanya kazi hiyo majuma matano. Sababu mwaijua. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani mpaka kabati la vitabu, na kitabu kimoja cha ubatizo, cha mwaka 1956 hadi 1961, kilikuwa kimeliwa kando zote. Tulikifungua kwa ncha za vidole, ukurasa kwa ukurasa. Kazi ilipokwisha, karatasi nyingi za kitabu kile zilikuwa zimekatika vipande visivyosomeka tena. Hatukuhuzunika sana, kwa kuwa picha tulikuwa nazo.

Picha zote tuliziweka katika sanduku lenye disiki mbili. Fundi aliyetuuzia alituambia: "Kila unachoandika katika disiki ya kwanza, chajiandika chenyewe katika ya pili. Moja ikifa, nyingine ipo." Alisema kweli. Nami nikajiambia: tuna nakala mbili, yatosha. Nikafuta picha zile katika kompyuta ili nipate nafasi, nikafuta na katika kamera.

Jioni moja ya mvua, mwaka 2023, nilikuwa nikipanga mambo ndani ya sanduku. Nikaona folda mbili zenye majina yanayokaribiana, nikadhani moja ni marudio ya nyingine. Mashine ikaniuliza kama nataka kuifuta kabisa. Nikabonyeza ndiyo. Kumbe sikufuta marudio. Nilifuta kitabu kile cha 1956 hadi 1961. Na disiki ya pili, ambayo kazi yake ni kuifuata ya kwanza katika kila jambo, ikaifuata hata katika kosa. Kwa nukta moja nakala zote mbili zikatoweka. Niligundua baada ya miezi minne, nami nimekwisha kuandika mambo mengine mengi juu ya nafasi ile. Fundi wa mjini alijaribu siku mbili, asiweze kurudisha kitu.

Niligundua namna gani? Alikuja mzee mmoja wa kigango cha mbali, amevaa koti lake la sikukuu. Amekaa na mkewe miaka mingi kwa ndoa ya kimila. Mke alikuwa mgonjwa, nao walitaka kufunga ndoa kanisani kabla siku hazijapita. Alibatizwa mtoto mchanga mwaka 1960. Akaniomba cheti chake cha ubatizo. Nikafungua sanduku, hamna. Nikafungua kabati, nikakuta vipande vya karatasi na udongo wa mchwa. Mzee akaniuliza kwa sauti ndogo: "Karani, maana yake sikubatizwa?"

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake na kuvitunza vizuri. Na kanuni ya 876 yasema ya kuwa, kama hakuna anayedhuriwa, ubatizo waweza kuthibitishwa kwa neno la shahidi mmoja asiye na shaka. Basi ikabidi atafutwe shahidi. Mama yake wa ubatizo alikuwa hai bado, bibi mwenye umri zaidi ya miaka 80. Aliletwa kwa pikipiki kilomita 18 katika matope, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mjukuu wake asije akaanguka. Akaketi mbele ya Paroko, akasimulia habari za siku ile, jinsi mtoto alivyolia, na jina alilopewa. Ndoa ikafungwa juma lile lile.

Watu walipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimemwona bibi yule akishuka kwenye pikipiki, magoti yakimtetemeka, nikajua ya kuwa uzembe wangu ndio uliompandisha. Na huyo ni mmoja. Je, wale wengine wa kitabu kile, ambao wasimamizi wao wamekwisha kulala makaburini?

SANDUKU HILI NI KITU GANI

Disiki ni bamba la mviringo linalozunguka ndani ya kasha lake. Nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200. Juu ya bamba pana kichwa kidogo cha kuandika na kusoma. Kichwa hicho hakigusi bamba. Huelea juu yake kwa nafasi ndogo sana, ndogo kuliko chembe ya moshi. Ndiyo sababu disiki ikigongwa huku inazunguka yaweza kufa pale pale.

Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa disiki ya kwanza ya namna hii mwaka 1956. Ilikuwa na mabamba 50, nayo ilikuwa kubwa kuliko kabati la nguo. Iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Isingetosha picha mbili za simu yako.

Sanduku la disiki nyingi ni nyumba moja yenye vyumba viwili, vinne au zaidi, na katika kila chumba disiki moja. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililoonyesha jinsi disiki ndogo za bei nafuu zinavyoweza kuunganishwa zifanye kazi kama disiki moja kubwa. Mpango huo mafundi wauita reidi. Zipo namna nyingi, lakini wewe zijue tatu.

Namna ya kwanza ni kugawanya. Nusu ya kila kitu yaandikwa huku, nusu kule. Nafasi yaonekana kubwa na kazi yaenda mbio, lakini disiki moja ikifa, yote yamekufa. Masanduku mengine hutoka kiwandani yamepangwa hivi, kwa hiyo mwulize muuzaji kabla hujaweka kitu.

Namna ya pili ni kioo. Disiki mbili zaandikwa sawasawa. Wanunua mbili, wapata nafasi ya moja. Hii ndiyo tuliyokuwa nayo.

Namna ya tatu yahitaji disiki tatu au zaidi, nami nitaieleza kwa hesabu ya darasani. Tuseme disiki ya kwanza yashika 3, ya pili 5, ya tatu 4. Disiki ya nne yaandika jumla, yaani 12. Sasa ya pili ikifa, twafanyaje? Twachukua 12, twatoa 3, twatoa 4, yabaki 5. Kilichopotea kimerudi. Mashine haifanyi hesabu hii hasa, lakini yafanya iliyo ndugu yake. Hapo wanunua nne, wapata nafasi ya tatu.

LINACHOLINDA NA LISICHOKILINDA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea mimi.

Sanduku la kioo lalinda dhidi ya jambo moja: kufa kwa disiki moja. Hilo ni jambo la kweli, maana kila disiki itakufa siku moja. Lakini halilindi dhidi ya mkono unaofuta. Halilindi dhidi ya mwizi, ambaye hachukui disiki moja akakuachia nyingine. Halilindi dhidi ya moto, wala paa linalovuja. Halilindi dhidi ya virusi vya kompyuta vinavyofunga mafaili yako na kukudai fedha. Disiki mbili katika nyumba moja ni kama ghala mbili zenye paa moja: moto ukiwaka, huulizi ni ghala ipi.

Nakala ya kweli ni ile isiyoweza kufikiwa na mkono ule ule, wala moto ule ule, wala mwizi yule yule. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza kanuni hii kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Uwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na nakala moja iwe mahali pengine kabisa.

Wala usidhani ni sisi wa vijijini tu tunaokosea. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu mmoja akatoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na kazi ya watu wengi ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakubwa wa kazi ile, aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Walikwenda kuichukua, wakaifunga kwa mablanketi, wakairudisha polepole kwa gari. Filamu ikatoka mwaka 1999. Nakala iliyookoa kazi ile ilikuwa nje ya nyumba yao.

Na sisi? Mwalimu wetu alikuwa amesahau kufuta picha 60 katika simu yake. Hizo tumezirudisha. Ukurasa wa yule mzee haukuwamo.

Tangu siku hizo nilinunua disiki moja ndogo ya mkononi, nikanakili yote, nikaifungia katika kabati la sakristia, mbali na ofisi. Ikawa Januari 2025 radi ikapiga nguzo ya umeme karibu na ofisi. Sanduku na kompyuta vikafa pamoja, disiki zote mbili zisisomeke. Disiki ya sakristia ilikuwa salama. Safari hii hakuna bibi aliyepandishwa pikipiki. Lakini sasa disiki hiyo ndiyo nakala yetu ya pekee, nami silali vizuri. Ndiyo maana halmashauri imewaomba mahindi.

JINSI YA KUCHAGUA

Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea alitushauri tuchukue sanduku la vyumba vinne, kila disiki terabaiti 8. Ni zuri kwa macho. Lakini kabla ya kununua gunia, pima nafaka.

Tuna vitabu 40, kila kimoja kurasa kama 300. Hizo ni kurasa 12,000. Picha ya ukurasa mmoja ni megabaiti 4 hivi. Zidisha, utapata megabaiti 48,000, yaani gigabaiti 48. Tukiongeza hesabu za parokia, picha za shule, na video za kwaya ambazo ndizo kubwa, yote hayafiki gigabaiti 700. Terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Sanduku lile la vyumba vinne, likipangwa kwa namna ile ya jumla, lingetupa gigabaiti 24,000. Ni kujenga ghala ya kijiji kizima kwa debe tatu za maharage.

Kwa hiyo nimeishauri halmashauri hivi: sanduku la vyumba viwili, disiki mbili za terabaiti 2, zipangwe kwa namna ya kioo. Fedha inayobaki inunue disiki mbili za mkononi, na betri ya akiba ya mezani, ile mafundi waiitayo UPS. Watu wa studio za picha huenda wakahitaji vyumba vinne. Sisi hatuhitaji.

Ukienda dukani, uliza maswali haya manne:

Kwanza: Limepangwa kwa namna gani, kioo au kugawanya?

Pili: Sanduku lenyewe likifa, disiki zake zitasomeka nje yake? Mengine huandika kwa namna yao, na bila sanduku la aina ile ile husomi kitu.

Tatu: Disiki yaweza kutolewa na kubadilishwa na mtu wa kawaida kwa bisibisi, au lazima fundi?

Nne: Laungwa kwa waya kwenye kompyuta moja, au kwenye mtandao? La mtandao lina kompyuta yake ndani, lahitaji mtu wa kulitunza, na mlango wake wa wezi ni mpana zaidi. Kwa ofisi yenye kompyuta moja, la waya latosha.

JINSI YA KUISHI NALO

Kununua ni siku moja; kutunza ni kila juma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Usilitikise wala kulihamisha likiwa linafanya kazi. Kabla ya kuchomoa waya, iambie kompyuta kwanza, ungoje ikuruhusu.

Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Betri ya mezani husaidia umeme ukikatika ghafla, lakini haizuii radi.

Litazame kila asubuhi. Disiki moja ikifa, taa yake hubadilika rangi, na sanduku laendelea kufanya kazi kama kawaida. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakaliacha miezi. Siku hiyo hiyo nakili mambo yako kwenye disiki ya mkononi, kisha tafuta disiki mpya. Sanduku litaijaza lenyewe. Kwa terabaiti 2 yaweza kuchukua saa nne au zaidi, na umeme usikatike. Andika kwa kalamu juu ya kila disiki tarehe iliyonunuliwa. Mbili zilizozaliwa siku moja na kufanya kazi sawasawa huenda zikachoka karibu pamoja.

Disiki za mkononi zipishane. Moja iko jimboni katika kabati lenye kufuli. Nyingine iko kwetu. Paroko akienda mkutano wa mwezi, apeleka hii, arudi na ile. Isipokuwa wakati wa kunakili, disiki ya kwetu isiwe imechomekwa popote.

Zifungwe kwa neno la siri, maana vitabu vyetu vyasema nani ni mtoto wa nani, na mambo ya nyumba za watu si ya sokoni. Tena Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Neno lenyewe liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, liwe kwa Paroko. Karani naye hufa.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote: jaribu. Nakala usiyoifungua hujui kama unayo. Kila miezi mitatu nachagua ukurasa mmoja katika disiki ya mkononi, naufungua, nausoma jina kwa jina. Watu wa kompyuta, tangu mwaka 2011, wameiweka tarehe 31 Machi kuwa siku ya kukumbushana habari za nakala. Itie katika kalenda yako.

Wala vitabu vya karatasi tusivitupe. Picha ni msaada. Kitabu ndicho kitabu. Mwezi uliopita tumehamisha kabati, tumeliweka juu ya matofali, mbali na ukuta.

NA NYUMBANI KWAKO?

Hata wewe usiye na kompyuta, umo katika habari hii. Simu yako ina picha za ubatizo wa watoto, ya marehemu baba, pengine na ya hati ya shamba. Simu ikianguka mtoni, vyote vimekwenda. Mpe mwanao aliye mjini nakala ya picha zile katika flashi, naye aziweke mahali pengine tena, maana flashi nayo huharibika. Na zile mbili au tatu usizoweza kuzipoteza, zichapishe kwa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, wazee wangu wa chini ya mkaratusi, jibu lenu ndilo hilo. Sanduku lina disiki mbili ndani, na ndani ya disiki mna jina lako, la mkeo, na la kila mtoto uliyemleta kwenye kisima cha ubatizo. Halmashauri ilikaa Jumatano, ikaitazama hesabu yangu, ikaacha lile sanduku kubwa. Kwa hiyo mchango si debe zima tena, ni nusu debe. Leteni kwa viongozi wa jumuiya kabla ya mwisho wa mwezi, mahindi yaliyokauka, wala si yale ya juu ya gunia mazuri na ya chini mabovu.

Na yeyote aliyebatizwa kwetu kati ya 1956 na 1961, au mwenye wazazi wa miaka hiyo, aje ofisini na cheti chake cha zamani kama anacho, ama na msimamizi wake kama yu hai. Twakiandika kitabu kile upya, jina kwa jina. Kama bibi hawezi kutembea, aniite. Safari hii karani ndiye atakayepanda pikipiki.

Ni mimi,
Karani wenu